Shamba Moja, Minazi ya Wengi

(Hotuba kwa vijana watengeneza programu, Tanga. Nimeiandika upya kutoka kwenye maelezo niliyosimama nayo siku ile.)

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mliokaa mbele, na ninyi vijana mliojaa mpaka mlangoni: habari za asubuhi, na asanteni kwa kunirudisha nyumbani.

Nimeombwa nizungumzie leseni za programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kusoma yaliyoandikwa ndani yake, kuyabadili na kuzisambaza. Nitazizungumzia. Lakini naomba nianze na jambo linalozitangulia, kwa sababu nimeona vijana wengi wakichagua leseni kama mtu anayechagua rangi ya mlango wa nyumba asiyoijua ni ya nani. Leseni ni ruhusa, na ruhusa hutolewa na mwenye mali. Kabla hatujauliza tutumie leseni gani, tuulize mwenye mali ni nani.

Sisi watu wa mwambao hatuna haja ya kwenda mbali kulielewa hilo. Babu yangu mzaa mama alikuwa na minazi kumi na saba kule Pangani, katika shamba ambalo halikuwa lake. Mwenye shamba alilima muhogo chini, babu alimleta mkwezi akaangua nazi juu, na miaka yote hiyo hakuna aliyemwita mwenzake mwizi. Babu alipofariki, wajomba zangu walirithi minazi, ardhi hawakuirithi. Na siku mwenye shamba alipotaka kuuza, mnunuzi alipofika, swali lake la kwanza lilikuwa: hii minazi ya nani? Akaambiwa ile mitano ya fulani, ile kumi na saba ya marehemu fulani, ile ya pale kisimani ya bibi mmoja aliyehamia Pemba. Mnunuzi akakuna kichwa, akaondoka.

Mradi wa programu huria unaoendeshwa na watu wengi ni shamba la namna hiyo. Aliyeandika faili hili ana mnazi wake. Aliyeandika lile ana wake. Anayepanga kazi na kupokea michango ana heshima ya mwenye shamba, lakini minazi si yake kwa sababu tu imesimama mbele ya nyumba yake.

Sheria inasema hivyohivyo, ingawa kwa maneno mengine. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe: huendi ofisi yoyote kuiandikisha ndipo iwe yako. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Kenya wana yao ya 2001, Uganda ya 2006, na programu ya kompyuta inalindwa kama yanavyolindwa maandishi. Kwetu na kwa wenzetu wa Kenya haki hiyo hudumu maisha yote ya mwandishi, kisha miaka 50 baada ya kifo chake. Miaka hamsini. Ishikeni hiyo namba, nitairudia.

Kwa hiyo ukiandika msimbo, yale maandishi yanayounda programu, usiku wa leo ukauweka mtandaoni bila neno lolote, hujaufanya kuwa mali ya umma. Umewaruhusu watu watazame, hujawaruhusu wachume. Anayeuchukua na kuutumia anakutegemea wewe usigeuke, na hakuna hospitali wala benki inayopaswa kujengwa juu ya matumaini kwamba mtu hatageuka.

Nawaambia hili nikiwa na kisa changu.

Mwaka 2011 tulikuwa vijana watatu. Tuliandika programu ndogo ya kutunza hesabu za dawa katika stoo ya hospitali moja: zilizoingia, zilizotoka, zinazokaribia kuisha muda. Tuliifanya usiku baada ya kazi, bila malipo, katika chumba cha mmoja wetu chenye feni moja. Tukaiweka mtandaoni. Leseni hatukuandika. Tulijiambia kwamba kila mtu ataelewa kuwa ni ya wote.

Miaka minne baadaye hospitali nyingine ikaitaka. Walikuwa na wafadhili, na wafadhili walikuwa na wakili, dada mmoja makini sana. Akatuandikia: ni nani wenye haki juu ya programu hii, na ruhusa zao ziko wapi? Swali la haki kabisa. Lakini tulipolisoma tulikuwa tumebaki wawili. Mwenzetu wa tatu, yule aliyeandika sehemu ya kukokotoa tarehe za dawa kuisha muda, ambayo ndiyo moyo wa programu yenyewe, alikuwa amefariki kwa ajali ya pikipiki mwaka uliotangulia.

Mtu akifa, msimbo wake hauwi wa marafiki zake. Unakwenda kwa warithi, kwa ile miaka hamsini. Nikasafiri hadi kwa mama yake, ndani kidogo ukishapita Korogwe. Nikamkuta yeye na kaka wa marehemu, ambaye Mahakama ya Mwanzo ilikuwa imemteua msimamizi wa mirathi. Kaka akatoa karatasi ya orodha ya mali: baiskeli, kiwanja kimoja, redio, simu, na salio lililokuwa kwenye simu. Programu haikuwemo. Nani angejua kuiandika?

Nikafungua kompyuta pale mkekani, nikamwonyesha mama faili lenye jina la mwanawe juu kabisa. Yaliyofuata chini yake hakuyaelewa, lakini jina alilisoma. Akaweka kidole kwenye kioo, akaniuliza: "Hiki ndicho alichokuwa akikesha nacho?" Nikamwambia, ndicho, mama. Akauliza kama hospitali italipa. Nikamwambia ukweli, kwamba haitalipa, kwamba tulitaka iwe ya kila mtu, ila sasa nahitaji ruhusa yao kwa maandishi. Waliingia ndani wakakaa. Walipotoka, msimamizi akatia sahihi, na mama naye akaandika jina lake chini, ingawa sahihi ya kaka ilitosha.

Wangekataa, wangekuwa ndani ya haki yao. Na wakati sisi tukizunguka na karatasi, hospitali ile ilikaa miezi mitano ikiandika dawa kwenye madaftari. Faili moja la leseni, ambalo mwenzetu angelikubali siku ya kwanza bila hata kumaliza chai yake, lingemwepusha mama yule na mgeni aliyemletea msiba wake upya ndani ya kompyuta.

Kilichotupata sisi watatu, wenzetu wa VLC kiliwapata wakiwa mamia. VLC mnaijua, ile programu ya kuchezea video yenye alama ya koni ya barabarani. Ilianza mwaka 1996 mikononi mwa wanafunzi wa École Centrale huko Paris, na mwaka 2001 ikatoka chini ya leseni ya GPL, inayomtaka anayeisambaza programu aitoe ikiwa huru vilevile. Mwaka 2010 ikawekwa kwenye duka la programu la Apple. Mmoja wa waandishi wake, Rémi Denis-Courmont, akalalamika kwamba masharti ya duka lile yanagongana na GPL, na Januari 2011 Apple wakaiondoa. Angalieni uzito wa jambo hilo: mtu mmoja kati ya wengi, kwa kuwa minazi yake imo shambani, alisema "hapana" na kampuni kubwa kiasi kile ikatii.

Kisha viongozi wa mradi wakaamua kuhamisha sehemu kubwa ya programu kwenda leseni ya LGPL, iliyo nyepesi zaidi. Jean-Baptiste Kempf ndiye aliyeibeba kazi hiyo. Ilibidi asome historia ya msimbo, mstari kwa mstari, ajue huu ni wa nani, halafu amtafute mwenyewe. Waandishi zaidi ya 230. Wengi walikuwa wanafunzi wa zamani waliokwishaacha barua pepe za chuo, wameoa, wamehama, wamebadilisha kazi. Kazi ile ilikwenda hadi mwaka 2012 ndipo ikakamilika. Nami niliyehangaika kwa sahihi moja tu ya Korogwe, nikimfikiria mtu yule na orodha yake, namwonea huruma na kumheshimu kwa pamoja.

Mtaniuliza: kumbe minazi ya wengi ni balaa? Hapana, na hapa ndipo penye kiini cha yote niliyokuja kusema.

Tuitazame Linux, kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta na simu nyingi. Kila mwenye simu ya Android humu ndani anatembea nayo mfukoni. Linus Torvalds alipoitoa mara ya kwanza mwaka 1991, masharti yake yalikataza mtu kuisambaza kwa pesa. Mwanzoni mwa 1992 akaihamishia kwenye GPL toleo la 2. Aliweza kwa sababu shamba lilikuwa bado changa, minazi ya wengine ikihesabika kwa vidole. Mwaka 2007 lilipotoka toleo la 3 la GPL, yeye binafsi hakulipenda. Lakini hata angelipenda, asingeweza peke yake: shamba lilikuwa limeshajaa minazi ya maelfu ya watu na mamia ya makampuni, na hajawahi kumwomba yeyote amwandikie mnazi wake. Linux imebaki kwenye toleo la 2 mpaka leo.

Wapo wanaouona huo kuwa udhaifu. Mimi nauona kuwa komeo. Hakuna tajiri anayeweza kwenda na gunia la fedha akainunua Linux kisha akafunga lango, kwa sababu hakuna wa kuuziana naye. IBM wanaandika humo, Intel wanaandika humo, Google wanaandika humo, na asubuhi wanaamka kushindana sokoni. Wanaaminiana kwa sababu kila mmoja anajua kwamba mwenzake hawezi kuuza shamba. Ule usumbufu uliomkimbiza mnunuzi wa Pangani ndio ulinzi wenyewe.

Ulinzi huo una gharama, nisiwafiche. Machi 2003 kampuni ya SCO iliishtaki IBM ikidai kwamba mali yake ya Unix, mfumo endeshi wa zamani, imeingizwa ndani ya Linux, na ikataka fidia ya dola bilioni moja. Kesi ikavutana miaka na miaka. Swali lililoulizwa kila kona lilikuwa lilelile: mstari huu ulitoka kwa nani, na alikuwa na haki ya kuutoa? Mwaka 2004 Torvalds akaweka utaratibu mpya. Kila anayeleta badiliko huongeza chini ya maelezo yake mstari wenye jina lake na anwani yake ya barua pepe, unaoanza na maneno ya Kiingereza yenye maana ya "imetiwa sahihi na". Mstari mmoja tu. Kwa mstari huo unathibitisha kwamba kazi ni yako, au aliyekupa alikuwa na haki ya kukupa, na kwamba unaitoa chini ya leseni ya mradi. Fungueni historia ya Linux jioni ya leo mtazame badiliko lolote: mtakuta sahihi ya mwandishi, chini yake ya aliyeipokea, chini yake ya aliyempelekea mkubwa wake. Inasomeka kama isnadi ya hadithi, fulani kapokea kwa fulani. Hakuna umiliki uliohama, ila njia yote uliyopita mnazi kutoka kitaluni imeandikwa.

Na kuandikwa kuna kazi yake mahakamani. Mwaka 2004 Harald Welte, mmoja wa waandishi wa netfilter, ile sehemu ya Linux inayochuja taarifa za mtandao, aliipeleka kampuni ya Sitecom katika mahakama ya Munich kwa kuuza vifaa vyenye msimbo huo bila kutimiza GPL, na mahakama ikasimama naye. Mwandishi wa sehemu tu ya mradi, na aliweza. Lakini Christoph Hellwig, mwandishi mwingine wa Linux, alipoishtaki kampuni ya VMware huko Ujerumani akidai imetumia msimbo wa Linux bila kutimiza GPL, mwaka 2016 mahakama ya Hamburg iliitupa kesi yake, na mwaka 2019 rufaa nayo ikashindwa, kwa sababu hakuonyesha kwa namna iliyoiridhisha mahakama ni mistari gani hasa iliyokuwa yake. Ana minazi, kila mtu anajua anayo, lakini hakuweza kuigusa mmojammoja mbele ya hakimu. Nawaombeni mlikumbuke hilo siku mtakapotaka kufuta historia ya mradi ili uonekane msafi.

Kuna njia nyingine, na sisi tunaifahamu kwa jina: wakfu. Mtu anatoa mali yake, inawekwa chini ya msimamizi, kwa sharti kwamba haitauzwa wala kutolewa katika lengo lililowekewa. Richard Stallman, mwanzilishi wa vuguvugu la programu huria, aliifikia njia hiyo baada ya kuumia. Alipoandika GNU Emacs, programu ya kuhariri maandishi, alitumia kipande cha msimbo wa Emacs ya James Gosling, akiamini ana ruhusa. Gosling akaiuza programu yake kwa kampuni iitwayo UniPress, na UniPress wakamwambia Stallman aache kukisambaza. Ikabidi akae aandike upya kipande chote. Mwaka 1985 ilipoanzishwa Free Software Foundation, taasisi yake ya programu huria, ikawa desturi kwa miradi yake mingi kwamba mchangiaji anaiandikia taasisi hakimiliki yake kwa karatasi, na mara nyingi mwajiri wake naye anatia sahihi kwamba hana dai. Wengi walilalamikia karatasi hizo. Mwaka 2021 mradi wa GCC, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, uliacha kuzilazimisha, ukaruhusu mstari wa sahihi kama wa Linux. Lakini jambo moja lazima lisemwe kwa haki: mkataba ule una ahadi ndani yake, kwamba taasisi itaendelea kuitoa kazi yako ikiwa huru. Msimamizi amefungwa mikono kwa maandishi. Hilo ndilo linaloufanya uwe wakfu.

Sasa tofautisheni na kumwandikia tajiri.

Michael Widenius, ambaye wengi wanamwita Monty, ni mmoja wa watu watatu walioanzisha MySQL, programu ya hifadhidata, huko Sweden mwaka 1995. Aliandika sehemu kubwa ya msimbo wake kwa mkono wake. Kampuni ilishika hakimiliki yote, kwa sababu biashara yake ilikuwa na milango miwili: GPL kwa umma, na leseni ya kulipia kwa makampuni yasiyotaka masharti ya GPL. Mwenye hakimiliki yote peke yake ndiye awezaye kufungua mlango wa pili. Mwaka 2008 Sun Microsystems wakainunua MySQL kwa dola zipatazo bilioni moja. Januari 2010 Oracle wakakamilisha kuinunua Sun yenyewe. Kwa hiyo Oracle, wauzaji wa hifadhidata kubwa kuliko zote za kibiashara, wakawa wamiliki wa ile hifadhidata huria iliyokuwa ikiwashindania wateja wadogo.

Monty alikuwa ameshaondoka Sun mwaka 2009 akaanzisha MariaDB, tawi la MySQL, akiipa jina la binti yake mdogo kama MySQL ilivyochukua jina la binti yake mkubwa, My. Msimbo aliweza kuuchukua, kwa sababu GPL humruhusu mtu yeyote, na yeye ni mtu yeyote. Hapo ndipo naomba mtulie kidogo. Mtu huyu anasoma mistari aliyoiandika mwenyewe kwa miaka, na mbele ya sheria amekuwa mpokeaji wa ruhusa kama mimi na wewe. Mlango wa pili hana tena. Hawezi kumuuzia mtu leseni ya kulipia ya msimbo wake mwenyewe wa zamani, kwa sababu mwenye funguo ni Oracle. Alilipwa, sisemi aliibiwa. Nasema kwamba wachangiaji wengi wa miradi ya makampuni hutia sahihi karatasi ya aina hiyohiyo bila kulipwa hata senti, wakidhani ni utaratibu wa ofisi.

OpenOffice, programu za kazi za ofisi, nayo ilikuwa chini ya Sun, na walioandika msimbo walitakiwa kuigawia Sun haki zao. Oracle walipoichukua, jamii ikaingiwa na wasiwasi, na Septemba 2010 wengi wakaondoka na kuanzisha LibreOffice chini ya taasisi isiyo ya faida, wakaamua kwamba huko hakuna kumwandikia mtu hakimiliki: kila mtu na mnazi wake. Sisi linatugusa hilo. Mwaka 2004, katika mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta kwa Kiswahili. Wale waliokaa wakibishana neno gani lisimame badala ya neno gani walikuwa waandishi kamili, kwani tafsiri nayo ina hakimiliki. Ninyi mnaotafsiri programu leo mkidhani mnasaidia tu pembeni, nanyi mna minazi humo.

Siku hizi karatasi zimekuwa za kijanja zaidi. Hazikuombi hakimiliki, zinakuachia mnazi wako, ila zinakuomba uiruhusu kampuni iuze nazi zake kwa masharti yoyote itakayotaka kesho. Agosti 2023 kampuni ya HashiCorp waliiondoa Terraform, programu yao ya kuandaa seva, kwenye leseni huria ya MPL wakaiweka kwenye leseni inayomzuia mshindani wao asiitumie kushindana nao. Waliweza kwa sababu wachangiaji walikuwa wamekwisha kutia sahihi karatasi ya namna hiyo. Mwezi uliofuata OpenTofu, tawi lililochipua kutoka toleo la zamani lililo huru, likawekwa chini ya Linux Foundation, taasisi isiyo ya faida. Redis, wenye hifadhidata ya jina hilohilo, Machi 2024 nao wakaiacha leseni ya BSD. Lakini BSD ni nyepesi kiasi kwamba yeyote anaweza kuchukua nazi akafunga mlango wake, karatasi au bila karatasi. Likazaliwa tawi huru la Valkey ndani ya siku chache, na Mei 2025 Redis wenyewe wakarudi kuweka leseni huria, AGPL, kati ya leseni zao. Katika visa vyote hivi, toleo la zamani lililotoka likiwa huru limebaki huru. Dafu nililokwisha kukupa ukalinywa silidai tena. Kinachofungwa ni mavuno yajayo, na mavuno yajayo mara nyingi yanatokana na jasho la watu ambao hawakuulizwa.

Sizichukii kampuni. Zinalipa watu mishahara, na nyingine zinaandika msimbo mzuri kuliko sisi. Lakini mimi binafsi sitii sahihi karatasi inayompa mwenye biashara uwezo ambao mimi sipati, kama haina ahadi ya maandishi kwamba kazi yangu itabaki huru. Taasisi isiyo ya faida yenye sharti kwenye katiba yake, nitakaa nayo mezani. Mstari wa sahihi kama wa Linux, natia mara moja. Ahadi ya mdomo kwenye mkutano wenye vitafunwa vizuri, hapana.

Sasa kwetu, na hapa nazungumza na walioajiriwa na wanaochukua vibarua. Ukiandika msimbo katika kazi uliyoajiriwa kuifanya, usidhani moja kwa moja kwamba una la kutoa. Sheria ya Kenya inakwenda mbali zaidi: hata aliyekuagiza kazi bila kukuajiri huhesabiwa amehamishiwa hakimiliki, isipokuwa mmeandikiana vinginevyo. Kijana wa Mombasa anayemtengenezea mteja mfumo, akachukua nusu yake akauweka kwenye mradi huria, anaweza kuwa anagawa minazi ya mteja. Njia yake ni fupi: kipengele kimoja kwenye mkataba, kabla ya malipo ya kwanza, kinachosema sehemu zipi zitatoka chini ya leseni gani na hakimiliki inabaki kwa nani. Baada ya malipo ya mwisho hakuna atakayekusikiliza. Ninyi wanafunzi nanyi someni kanuni za chuo chenu kuhusu kazi za mwaka wa mwisho.

Miradi mikubwa inayotuhudumia imeliweka hili wazi. DHIS2, ambayo wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zinaitumia kukusanya takwimu za vituo, imeandikwa kwa leseni ya BSD na hakimiliki iko Chuo Kikuu cha Oslo. Ushahidi, iliyozaliwa Kenya mwaka 2008 wakati watu wakitafuta pa kuandika waliyoyaona baada ya uchaguzi, nayo imetoka nje ikiwa huria tangu ujana wake. Unaweza kukubaliana au kutokubaliana na jinsi walivyochagua, lakini ukiuliza mnazi wa nani unajibiwa siku hiyohiyo.

Kuhusu leseni gani uchague, nitasema kwa ufupi kwa sababu muda unakwisha na wengi mmesoma. Ukitaka anayeboresha kazi yako na kuisambaza aitoe ikiwa huru kama ulivyompa, chukua GPL. Kama programu yako inakaa kwenye seva na watu huitumia kwa mbali, chukua AGPL, kwa sababu mwenye seva haisambazi programu na GPL ya kawaida humwachia njia. Ukitaka ienee popote, hata ndani ya bidhaa zilizofungwa, chukua MIT au Apache. Apache inakupa na maneno kuhusu hataza, yaani haki za uvumbuzi. Usitunge yako mwenyewe. Na tusichanganye huru na bure. Lugha yetu imetupa maneno mawili, tuyatumie. Unaweza kuiuza programu huria. Usichoweza ni kumnyang'anya aliyenunua uhuru wake.

Yule mama bado yupo. Mwaka jana nilipita kumsalimu, nikamkuta karatasi yetu ameiweka pamoja na vyeti vya shule vya marehemu, ndani ya mfuko wa nailoni. Programu inatumika hospitali mbili, jina la mwanawe liko palepale juu ya faili, na chini yake tumeongeza mstari wa leseni.

Nimekuja na kompyuta yangu. Baada ya chai nitakaa pale kwenye meza ya dirishani. Mwenye mradi wowote aliouandika na wenzake, hata wa wiki iliyopita, hata wa mistari mia, aje nao wenzake wote waliopo humu. Tutafungua historia tuone ni nani wameandika nini, tutaweka faili la leseni, na faili la majina ya watu, na kila mmoja atatia sahihi kwa badiliko lake mwenyewe. Aliyeko mbali tutampigia simu akiwa bado anapatikana.

Asanteni sana.